Skana, kamera au simu: kipi hakitauunguza mchoro wako wa rangi nyepesi

Nilichora yangeyange, ndege mweupe pe kwenye karatasi nyeupe, mwili wote nikauacha karatasi tupu, nikaweka tu kivuli chepesi cha kijivu chenye zambarau kidogo chini ya bawa na mguso wa njano utosini, basi, maji mengi rangi kiduchu. Ukiushika mchoro mkononi ndege yupo kabisa. Nikaulaza kwenye skana, nikabonyeza, nikafungua faili, ndege hayupo! Umebaki mdomo, jicho na miguu miwili inaning'inia hewani kama vijiti. Nikaskani tena kwa DPI (nukta kwa kila inchi) kubwa zaidi nikidhani ndo tatizo, nikapata miguu ileile ila mikubwa.

Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba skana yenyewe ilimwona ndege vizuri tu, aliyemfuta ni programu ya skana. Na hapo ndo penye jambo lenyewe. Ukiwa unachagua kifaa cha kuingizia michoro ya rangi nyepesi kwenye kompyuta, iwe rangi za maji, penseli ngumu, pasteli au wino uliozimuliwa, usianze na DPI wala megapikseli, anza kwa kuuliza nani anaamua nyeupe ni ipi. Kifaa kinachokuachia wewe uamue kinafaa hata kama ni cha zamani, kinachoamua chenyewe kitakuunguzia mchoro hata kiwe kipya namna gani.

Kwanza tuelewane kuhusu nyeupe

Kwenye picha ya kawaida ya biti 8 kila pikseli inapewa namba kuanzia 0, nyeusi tii, hadi 255, nyeupe isiyo na kitu ndani yake. Karatasi nzuri ya rangi za maji ikipigwa sawasawa haikai kwenye 255, inakaa 240 na ushee, kwa sababu hakuna karatasi inayorudisha mwanga wote unaoipiga. Mguso wa rangi nyepesi juu yake nao unashuka kidogo tu. Yule yangeyange wangu, nilipompima baadaye kwa kile kidude cha kunyonya rangi, karatasi ilikuwa 243 na kivuli cha bawa kati ya 236 na 238. Ndege mzima anaishi ndani ya hatua saba.

Sasa oto, yaani programu ikirekebisha mwanga yenyewe, inafanya nini? Inatafuta kitu cheupe kuliko vyote, inakivuta hadi 255, halafu inaongeza kidogo ili karatasi "itakate", kwa hiyo chochote kilichokuwa juu ya 235 hivi kinagonga dari na kugeuka nyeupe moja. Hiyo ndo picha kuungua. Na kilichoungua hakirudi, ukija kupunguza mwanga kwenye kompyuta unapata tu kijivu tambarare mahali palipokuwa na nyeupe tambarare.

Njano na waridi zina hila yao ambayo imenila mara nyingi. Picha ya rangi ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja na namba zake. Njano nyepesi na karatasi nyeupe kwenye chaneli nyekundu ni kama pacha, kwenye kijani ni karibu vilevile, tofauti yao yote imejificha kwenye bluu. Waridi yenyewe inajificha zaidi kwenye kijani. Kwa hiyo histogramu ya jumla, ule mchoro wa vilima unaoonyesha pikseli ngapi ziko kwenye kila namba, inaweza kukuonyesha mambo shwari kumbe chaneli moja imeshagonga ukuta zamani, na hapo ndo rangi inaanza kuhama bila wewe kujua imehamaje. Fungua histogramu inayoonyesha chaneli zote tatu, kila moja kivyake, ukiona mojawapo imebanana kwenye ukingo wa kulia kama abiria mlangoni, rudia.

Skana nene na skana nyembamba

Watu wanasema "skana" kama vile ni kitu kimoja, ila ziko aina mbili na kwa kazi yetu hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya CCD, ndani ina vioo na lenzi vinavyopeleka picha kwenye kihisi kidogo, ndo maana inakuwa nene na nzito, mfano Epson Perfection V600 au kaka yake V850. Ya pili ni ya CIS, hii vihisi vimepangwa mstari mmoja karibu kabisa na kioo na vinamulikiwa na LED nyekundu, kijani na bluu, ndo zile nyembamba zinazokula umeme wa USB tu kama Canon LiDE na Epson V39, na nyingi kati ya zile zinazokaa juu ya printa za nyumbani.

Tofauti inayotuhusu ni kina cha fokasi. CIS inaona vizuri sana kile kilichogusa kioo, kikiinuka milimita moja au mbili tu kinaanza kupata ukungu, na mwanga nao unapungua hapohapo. Kwa barua na risiti hiyo siyo shida. Lakini karatasi ya rangi za maji ikishalowa inajikunja, inakuwa na mawimbi, na kwenye CIS kila wimbi lililoinuka linatoka kama doa la kijivu laini ambalo ukiliangalia haraka unaweza kuapa ni rangi umeiweka mwenyewe. Kwenye mchoro wenye rangi nzito doa kama hilo halionekani, kwenye mchoro wa ukungu wa asubuhi ndo linageuka kuwa wingu ambalo hukulichora. CCD inasamehe zaidi, mawimbi madogo inayameza bila fokasi kupotea.

Kwa hiyo kama una CIS tu, usiitupe, nyoosha karatasi kwanza. Geuza mchoro, lowesha mgongo kwa sponji iliyokamuliwa sana, unyevu tu siyo maji, uweke kati ya karatasi safi kavu halafu juu yake vitabu vizito mpaka kesho yake. Usijaribu hivyo kwenye pasteli au kitu chochote kinachoachia unga, wala kwenye wino unaochuja.

Kitu kingine kuhusu skana zote mbili, mara nyingi taa inamulika kutoka upande mmoja. Karatasi yenye mabonde, ile ya kukwaruza kidoleni, inapigwa mwanga ubavuni na kila kibonde kinapata kivuli chake, matokeo yake anga lako jepesi linaonekana kama ukuta wa plasta. Dawa yake ni ya kijinga ila inafanya kazi: skani mara mbili, ya pili mchoro ukiwa umegeuzwa nusu mzunguko, halafu kwenye kompyuta uigeuze ile ya pili irudi sawa, uilaze juu ya ya kwanza kwa uwazi wa asilimia 50. Vivuli vya upande huu na upande ule vinakatana, mabonde yanatulia, rangi inabaki. Kulinganisha tabaka mbili kwa usahihi kunachosha kidogo, na kwa CIS yenye karatasi iliyojikunja hazitalingana kamwe, hilo nakwambia mapema usije ukapoteza jioni yako.

Setingi, na hapa ndo ndege wangu alifufuka. Skana kwa kawaida inajipima kwenye kipande cheupe kilichomo ndani yake kabla ya kuanza, kwa hiyo kihisi chenyewe mara chache sana kinaungua kwa karatasi ya kawaida, uharibifu unatokea baada ya hapo kwenye programu. Kwanza toka kwenye hali ya hati nenda hali ya picha, maana hali ya hati imetengenezwa kwa ajili ya maandishi meusi juu ya nyeupe na kazi yake ni kufuta chochote kilicho hafifu. Halafu ingia ile hali ya wataalamu. Zima ekspoja (kiasi cha mwanga) ya oto, zima kunoa picha, zima kuondoa vumbi kwa sababu programu haijui tofauti ya vumbi na nukta uliyoiweka kwa ncha ya brashi, zima kurudisha rangi. Programu nyingi, Epson Scan ikiwemo, zina kipengele cha kutorekebisha rangi kabisa, chukua hicho. Ukiona programu iliyokuja na skana inang'ang'ania kuamua yenyewe, kuna VueScan na SilverFast, zote mbili zinakupa usukani. Chagua biti 48, yaani 16 kwa kila chaneli, hapo badala ya hatua 256 una 65,536 na ile tofauti ya hatua saba inakuwa na nafasi ya kutosha kuchezewa bila kukatika vipande. Hifadhi TIFF, aina ya faili isiyopoteza kitu kama JPEG.

Faili litakalotoka litakuwa baya. Litakuwa limefifia, karatasi kama imevaa vumbi, na hapo watu wengi wanashtuka wanarudi kwenye oto. Tulia, hilo ndo faili zuri.

DPI napita haraka maana inapewa heshima isiyostahili: 300 inatosha kuprinti kwa ukubwa uleule, 600 kama unataka kuikuza mara mbili. A4 kwa 600 ni kama pikseli 4960 kwa 7016, megapikseli 35 hivi, na kwa biti 48 faili moja linakaribia MB 210. Ukienda 1200 utakachoongeza ni nyuzi za karatasi na nywele za paka.

Mchoro mkubwa kuliko kioo unaskaniwa vipande, ukiacha kila kipande kiingiliane na mwenzake kama theluthi hivi, halafu unaunga kwa Photoshop au Hugin ambayo ni ya bure. Na hapa rangi nyepesi zinakuwa katili sana. Ukiacha oto, kila kipande kinapata nyeupe yake na mshono unaonekana katikati ya anga kama kiraka. Oto ikizimwa, vipande vyote vikilazwa kuelekea upande uleule bila kugeuzwa, na mfuniko ukiwa na kitambaa cheusi kuzuia mwanga wa chumba usipenye pembeni, mshono haupo. Ila mimi kwa kweli mchoro ukishahitaji vipande zaidi ya vinne nahamia kamera.

Kamera

Kamera ina faida mbili kubwa, haigusi mchoro na haijali ukubwa wake. Ina hasara moja kubwa pia, kila kitu ambacho skana inakufanyia kimyakimya, yaani mwanga sawa, umbali sawa, unyoofu, sasa ni kazi yako.

Tuanze na nyeupe. Kipima mwanga cha kamera kinaamini dunia yote ni ya kijivu cha wastani, ukikielekeza kwenye karatasi nyeupe kinapunguza mwanga mpaka karatasi iwe kijivu. Hii ni kinyume kabisa cha ugonjwa wa skana, skana inakuunguzia, kamera inakupa giza. Kati ya kijivu cha asilimia 18 na karatasi inayorudisha asilimia 90 kuna stopu mbili na kitu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu), ndo maana wapiga picha wanakwambia ongeza moja na nusu mpaka mbili ukipiga vitu vyeupe. Mimi siongezi kwa kubahatisha, naenda manyuo, yaani hali ya kuweka kila kitu mwenyewe, ISO 100, tundu la lenzi f/8, halafu nashusha kasi ya shata hatua kwa hatua huku naangalia histogramu mpaka kilima cha karatasi kikaribie ukingo wa kulia bila kuugusa. Kisha narudi nyuma theluthi moja ya stopu kwa usalama wangu.

Na upige RAW, yaani faili ghafi kama kihisi kilivyoona, hapa sina huruma. Faili la RAW la biti 14 lina hatua 16,384, na kwa jinsi kihisi kinavyohesabu mwanga nusu nzima ya hizo iko kwenye stopu moja ya juu kabisa, kulekule ambako michoro yetu inaishi. Kwa hiyo kwa rangi nyepesi kamera ni tajiri kuliko watu wanavyodhani, ilimradi usiguse dari. JPEG ya kamera inakupa 256 na tayari imeshawekewa mkunjo wa kupendezesha, mkunjo ambao unabana hailaiti, zile sehemu zenye mwanga mwingi, ili sura za watu zipendeze. Wewe hupigi sura ya mtu.

Kuna wanaopiga picha tatu za mwanga tofauti wakaziunganisha kuwa HDR. Kwa mchoro kwenye karatasi haina kazi, tofauti kati ya sehemu nyeusi kabisa na nyeupe kabisa ya karatasi ni ndogo, RAW moja inaibeba yote na chenji inabaki. HDR itakuletea tu ukungu kama kamera ilitikisika.

Mwanga. Taa mbili za aina moja, kulia na kushoto, kila moja kwenye pembe ya digrii 45, na ziwe mbali. Watu wanazisogeza karibu wakidhani ndo mwanga mzuri, kumbe ukiwa karibu ukingo ulio upande wa taa unapata mwanga mwingi kuliko katikati, na tofauti hiyo ya namba 10 au 15 ni kubwa kuliko rangi yenyewe uliyoichora. Fikiria, kivuli cha bawa ni hatua saba, halafu taa yako inaongeza kivuli cha hatua kumi na tano kona ya chini. Namna ya kujua: weka ubao mweupe usio na kitu mahali pa mchoro, upige kwa setingi zilezile, upime pembe nne na katikati. Zikipishana zaidi ya namba mbili tatu sogeza taa. Na hiyo picha ya ubao tupu usiifute, Lightroom Classic ina kifaa cha kuisahihisha picha ya mchoro kwa kutumia picha tupu kama hiyo, inasafisha mpaka giza la kona linaloletwa na lenzi.

Unyoofu wa kamera na mchoro nilikuwa napima kwa jicho na nilikuwa nakosea kila siku, upande mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine. Siku hizi nalaza kioo kidogo cha kujitazamia katikati ya mchoro, naangalia kwenye skrini ya kamera, kama lenzi inajiona yenyewe katikati ya fremu basi uko sawa, kama inaona dari unasogeza stendi. Dakika moja. Kioo kiwe kisafi na usikiburute juu ya rangi.

Kama mchoro unang'aa, penseli laini iliyokandamizwa, vanishi, wino mzito, kuna filta za polaraizi: karatasi za polaraizi mbele ya taa zote mbili, na filta ya mviringo kwenye lenzi, unaizungusha mpaka mng'ao unakufa. Inakula mwanga mwingi kwa hiyo lazima tripodi na taima ya sekunde mbili. Kwa rangi za maji za kawaida siihitaji, haziwaki.

Kwa upande wa ukubwa, kamera ya megapikseli 24, pikseli 6000 kwa 4000, ikijaza A4 unapata kama DPI 480, A3 kama 340, A2 inashuka mpaka 240 hivi. Kwa hiyo kwenye A4 skana bado inashinda kwa makali, kuanzia A3 kamera inaanza kuwa na akili zaidi.

Simu

Najua wengi mtaishia hapa maana ndo iliyopo mfukoni. Nitasema ukweli wangu: simu kama simu, ukifungua kamera ukabonyeza, ni kifaa kibaya kuliko vyote kwa kazi hii, na siyo kwa sababu ya lenzi. Megapikseli 12 juu ya A4 ni kama DPI 340, kwenye karatasi inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba simu inapiga fremu kadhaa, inazichanganya, inanoa kingo, inapangusa chembechembe ikidhani ni kelele, inang'arisha hapa na kutia giza pale kwa kubahatisha. Chembe za karatasi na mwisho wa rangi ulioyeyuka kwenye maji, ile kingo laini isiyo na mwanzo wala mwisho, kwake yeye ni uchafu. Anasafisha.

Programu za simu za kuskani hati ndo usiziguse kabisa, kazi yake ni kung'oa kila kitu hafifu kibaki maandishi. Nilimpa mwenzangu mchoro wa penseli ya 4H auskani kwa programu kama hiyo, akanirudishia karatasi tupu akaniuliza umetuma upande wenye mchoro kweli?

Ila simu ikipiga RAW ni habari nyingine. iPhone za Pro kuanzia 12 Pro zina ProRAW, Android nyingi za juu zinatoa DNG, ambayo nayo ni RAW, na kama kamera ya simu yenyewe haina, kamera iliyomo kwenye Lightroom ya simu inaweza kupiga DNG kwa simu zinazoruhusu. Hapo unafunga ekspoja kwa kubonyeza muda mrefu juu ya karatasi, unarekebisha kidogo kile kijua, unarudi nyuma na kutumia lenzi ya mara mbili kama ipo badala ya ile pana inayopinda kingo. Simu iwekwe juu ya kitu, usiishike, kivuli cha mkono wako kitaingia tu, kitaingia kama wingu jepesi hutakiona mpaka umeshamaliza.

Na kama huna taa, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja linafaa, ila upande wa pili wa mchoro simamisha ubao mweupe urudishe mwanga. Bila ubao, ukingo wa mbali na dirisha unaweza kuwa chini kwa namba 20, na hapo nimeshasema hesabu ya yangeyange.

Sasa wewe uchukue ipi

Rangi za maji nyepesi, karatasi laini, A4 kushuka chini: skana ya CCD, oto zote zimezimwa, biti 48. Sijaona kinachoishinda kwa hapo. Karatasi ileile lakini yenye mabonde makubwa, naenda kamera na taa mbili, au skana ile ya kugeuza mara mbili kama nina subira siku hiyo. Una CIS tu na karatasi ni nyembamba au umeinyoosha vizuri, tumia CIS, watu wanaidharau bure, kwa penseli kwenye karatasi laini iliyolala kabisa inatoa mistari mikali ya kupendeza.

Penseli ngumu zile za 2H kupanda juu zinataka skana kuliko kamera, mwanga wa skana hauna mawimbi na mstari hafifu haupotei kwenye kivuli cha taa. Skani kwa rangi hata kama mchoro ni wa kijivu, halafu baadaye uchague chaneli iliyo safi zaidi, karatasi ya krimu mara nyingi inapungua madoa kwenye chaneli nyekundu. Penseli laini zile za 6B zinazong'aa, kamera na polaraizi. Kama kuna maandishi mgongoni yanayopenya, weka karatasi nyeusi nyuma ya mchoro, weupe wa karatasi utashuka kidogo ila mzimu wa maandishi unaondoka.

Pasteli na mkaa sijadili, kamera. Ukiulaza kwenye kioo umeacha nusu ya rangi juu ya skana na skani inayofuata itakuwa na maua ambayo siyo yako.

Kuna kesi moja inawachanganya watu, guashi nyeupe (rangi ya maji nzito inayofunika) juu ya karatasi ya krimu au ya kijivu. Hapa hailaiti siyo karatasi, ni ile rangi, na ni nyeupe kuliko karatasi. Ukipima kwa karatasi umeshaunguza guashi. Pima kwenye mguso mnene kuliko yote wa guashi, uuache kwenye 245 hivi, karatasi iangukie inapoangukia. Skana ya CCD au kamera zote zinafaa, simu itajaribu "kusahihisha" krimu iwe nyeupe na mchoro mzima utakosa maana.

Rangi za kuwaka zile za neoni, waridi ya kung'aa hasa, hakuna kifaa kati ya hivi kitakachozitoa kama zilivyo, kwa sababu zinageuza mwanga wa urujuanimno kuwa rangi na skrini yako haina namba ya hicho kitu. Kamera kwa mwanga wa mchana inakaribia, skana ya LED inazitoa zimezimika. Karatasi zenye kemikali ya kung'arisha nazo zina tabia hiyohiyo, chini ya taa hii zinaonekana nyeupe, chini ya ile zina ubluu.

Ukishapata faili

Fungua mikunjo (Curves), shika ncha ya juu kulia, ivute polepole mpaka karatasi ifike 246 au 248 na usimame hapo, usiende 255 hata kama mkono unakuwasha. Kama mchoro bado unaonekana umefifia usiongeze mwanga, shusha katikati kidogo, rangi nyepesi zinapata uzito na karatasi inabaki palepale. Skrini ya kompyuta usiiache inawaka mpaka mwisho, ikiwa kali sana kila kitu juu ya 235 machoni ni kimoja na utajikuta unasahihisha kisichoharibika.

Halafu jaribio langu la mwisho kabla sijatuma popote: juu ya tabaka zote naweka tabaka la muda la viwango (Levels), navuta kile kishale cheusi mpaka 200. Picha inageuka kuwa tufani, zile rangi zilizokuwa pumzi tu zinakuwa mawingu ya mvua, chembe za karatasi zinatokea, mshono kama upo unajitangaza, doa la taa kama lipo unaliona, na mahali popote panapobaki nyeupe tupu wakati pengine pote kuna vurugu, hapo pameungua. Kwa yangeyange wa mara ya kwanza picha nzima ilibaki nyeupe na miguu miwili myeusi. Kwa faili la bila oto bawa lilijitokeza lote, manyoya matatu ya mwisho niliyoyagusa kwa brashi karibu kavu yakaonekana moja moja, na chini yake, kwenye kona, alama ya kidole changu chenye maji ambayo hata kwenye karatasi nilikuwa sijaiona. Nikafuta lile tabaka la muda, nikahifadhi TIFF kama asili isiyoguswa, nikatoa JPEG ya ubora wa juu kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na mtandao, maana JPEG iliyobanwa sana inakata picha kwenye vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 na vijisanduku hivyo vinapenda kujionyesha kwenye anga jepesi kuliko mahali pengine popote.

Kidole nimekiacha.